Monkey Island ya Amiga inaniomba diski ya 22, nami ninazo nne tu

nahodha_wa_ngalawa

Wakuu, naombeni msaada. Nacheza The Secret of Monkey Island, toleo la Amiga, kwenye Amiga 500 yenye kiendeshi kimoja cha diski. Seti ina diski 4, zimeandikwa 1 hadi 4. Nina mambo matatu.

La kwanza: msituni kisiwani Mêlée kuna kisiki. Nikikibofya kwa Look at, Guybrush, mhusika ninayemchezesha, anasema ameona tundu linaloingia kwenye mapango ya chini kwa chini, kisha skrini inaniomba niweke diski ya 22. Nikibonyeza kitufe cha kipanya inaomba ya 36, halafu ya 114. Je, seti yangu ni pungufu?

La pili: mara nyingine mchezo unaomba diski ya 3, naiweka, kiendeshi kinakwaruza kama sekunde kumi, halafu ujumbe uleule unarudi na diski iko ndani.

La tatu: kwenye mapambano ya upanga, yanayoamuliwa kwa kutukanana na kujibizana, Bingwa wa Upanga ananishinda kila mara, ingawa nimeshajifunza karibu matusi yote ya maharamia.

---

mkamia_kisiki

Nianze na kisiki, maana ndicho kimewahangaisha wengi tangu mchezo ulipotoka. Seti yako imekamilika. Toleo la Amiga ni diski 4, hakuna ya tano, seuze ya 114. Ule ni utani wa waandishi wenyewe, Ron Gilbert na wenzake Tim Schafer na Dave Grossman. Endelea kubonyeza kitufe, na mwishoni Guybrush atasema basi, sehemu hiyo ya mchezo itabidi aiache. Unarudi msituni na hujapoteza kitu. Hakuna mapango, wala hakuna kitu unachohitaji kutoka humo.

Utani umekaa vizuri kwa sababu ujumbe wake umeandikwa sawasawa na ule wa kweli: herufi zilezile, mahali palepale, maneno yaleyale ya kuomba diski. Mchezaji wa 1990 au 1991 alikuwa ameshabadilisha diski mara nyingi kabla ya kufika kwenye kile kisiki, na mkono wake ulishazoea kutii. Wapo walioamini kabisa, wakapiga simu kwa kampuni ya mchezo kuulizia diski zilizopotea. Toleo la CD lilipotoka, utani ukaondolewa. Kwa hiyo mtu wa CD akikwambia kisiki chake hakisemi kitu, msibishane, kila mmoja anasema kweli ya toleo lake.

Kanuni ya kukusaidia: kwenye seti yako, namba ikiwa kati ya 1 na 4, ni ombi la kweli. Ikizidi 4, ni kisiki.

Na kuna mwendelezo. Monkey Island 2 ya Amiga ilikuja na diski 11 za kweli, yaani utani nusura ugeuke unabii. Ndani ya mchezo huo kuna simu katikati ya pori la kisiwa cha Dinky. Ukiipiga inapokelewa na huduma ya msaada ya kampuni yenyewe, na moja ya maswali unayoweza kuuliza ni nani aliyebuni ule utani wa kisiki.

---

fundi_DF0

Diski ya 3 ni suala jingine, na hapo hakuna utani. Namba iko ndani ya 1 hadi 4, kiendeshi kinakwaruza, ombi linarudi: maana yake kompyuta imejaribu kusoma na imeshindwa. Usiendelee kuirudisha ndani mara kumi. Ikiwa tatizo ni uchafu au ukungu, kila mzunguko unakwangua tabaka la sumaku zaidi.

Fuata hatua hizi, kwa mpangilio huu:

Toa diski, vuta kile kifuniko cha chuma pembeni kwa kidole, zungusha kitovu cha chuma cha upande wa chini taratibu huku ukiangalia uso wa diski kwenye mwanga wa pembeni. Uso mzima unatakiwa uwe wa rangi moja, mweusi au kahawia iliyokolea, unang'aa kidogo. Ukiona madoa meupe kama unga, huo ni ukungu, usiiweke tena kwenye kiendeshi. Ukiona mstari mwembamba wa duara unaong'aa kuliko sehemu nyingine, kichwa kimeshakwangua, na data ya njia hiyo (duara moja la kuandikia) huenda imekwenda.

Kama uso ni safi, safisha vichwa vya kiendeshi. Pamba ya kijiti, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua kidogo, acha ikauke dakika kadhaa. Viko viwili, cha chini na cha juu. Cha juu kimeshikwa na bati jembamba la chemchemi: kiinue kidogo tu, kiasi pamba ipite. Ukikiinua sana bati linapinda, vichwa havikutani tena sawasawa, na hapo kila diski itagoma.

Halafu jaribu diski nyingine tatu. Zikisoma vizuri na ya 3 peke yake ikigoma, ubovu uko kwenye diski. Zikianza kugoma zote, ni kiendeshi.

Mlio wa "tik" kila baada ya sekunde moja au mbili kiendeshi kikiwa kitupu si ubovu. Amiga inagusa kiendeshi kuangalia kama diski imewekwa. Watu wamefungua mashine zao bure kwa ajili ya mlio huo.

Na jambo la mazoea: subiri taa ya kiendeshi izime kabla ya kutoa diski. Ombi la diski linaweza kutokea kwenye skrini wakati taa bado inawaka, na ukiwa na haraka unaitoa katikati ya kazi. Kwa diski ya mchezo iliyolindwa dhidi ya kuandikwa, hasara ni ndogo. Kwa diski ya kuhifadhia mchezo, unaweza kupoteza zote ulizohifadhi. Diski ya inchi 3.5 tundu la kona likiwa wazi imelindwa, likizibwa inaandikika. Diski za mchezo ziache wazi daima.

---

mnakili

Naongezea kwa fundi_DF0. Kabla ya kucheza zaidi, nakili seti nzima, kisha asili ziweke kabatini. Ulinzi wa mchezo huu hauko kwenye diski, uko kwenye lile gurudumu la karatasi lenye nyuso za maharamia: unalinganisha nusu ya juu ya uso na nusu ya chini, unatazama mwaka kwenye dirisha la mahali ulipoulizwa, unauandika. Kwa hiyo nakala ya kawaida ya AmigaDOS inatosha. Ukiwa na kiendeshi kimoja, fungua CLI, yaani dirisha la kuandika amri, na uandike (df0: ni kiendeshi chako):

diskcopy from df0: to df0:

Utabadilisha diski ya asili na tupu mara kadhaa kulingana na kumbukumbu iliyopo, fuata tu maelekezo ya skrini. Tumia diski za DD (msongamano wa kawaida), si HD (msongamano mkubwa). HD ina tundu la pili kwenye kona ya upande wa pili. Watu hulifunika kwa karatasi ya gundi wakidhani wamemaliza kazi, lakini kufunika tundu hakubadilishi sumaku ya ndani. Diski ya HD inahitaji nguvu kubwa zaidi ya kuandika kuliko inayotolewa na kiendeshi cha DD, kwa hiyo inaandikika leo, na baada ya miezi kadhaa inaanza kusahau.

Kuhifadhi kwenye faili za ADF, yaani diski nzima ndani ya faili moja, ni bora zaidi. Kile kiendeshi cha diski cha USB cha kompyuta za kawaida hakitakusaidia, kwa sababu kidhibiti chake kinajua mpangilio wa PC tu. Amiga huandika njia nzima kwa mkupuo mmoja, sekta 11 kwa kila njia, wakati PC ya DD huweka 9 na nafasi katikati. Unahitaji kifaa kinachosoma mawimbi yenyewe, kama Greaseweazle, kilichounganishwa na kiendeshi cha kawaida cha PC cha inchi 3.5. Amri ni hii:

gw read --format=amiga.amigados monkey3.adf

Faili likikamilika lazima liwe na baiti 901,120 kamili: njia 80, pande 2, sekta 11, baiti 512. Lakini ukubwa kuwa sahihi hautoshi. Soma ripoti ya mwisho, inakuonyesha kila sekta iliyosomeka na isiyosomeka. Sekta zilizokosekana zikiwa chache, safisha vichwa na ongeza idadi ya majaribio kwa --retries. Mara nyingi sekta sugu hukubali jaribio la tano au la sita.

Ukishapata ADF zote nne, kwenye emuleta (programu inayoiga Amiga) kama FS-UAE au WinUAE unaweza kuwasha viendeshi vinne, DF0 hadi DF3, ukaweka diski zote kwa pamoja. Kila kiendeshi cha ziada kinakula kumbukumbu kidogo, kwa hiyo ipe mashine ya emuleta MB 1 badala ya KB 512.

Wasiotaka mambo ya diski kabisa wana ScummVM, programu ya kuchezea michezo ya zamani kama huu, ambayo inalitambua toleo la Amiga. Unatoa faili ndani ya ADF, yaani DISK01.LEC hadi DISK04.LEC pamoja na yale ya LFL, unayaweka kwenye folda moja, unaielekeza huko. Hutaulizwa kubadilisha diski tena. Kisiki bado kitauliza, na ninapenda kiwe hivyo.

---

kisu_cha_maneno

Nimesubiri mmalize ya diski nije kwenye upanga, maana hapo ndipo penye utamu wa mchezo huu.

Nahodha, umesema umejifunza karibu matusi yote. Tatizo liko hapohapo. Mbele ya Bingwa wa Upanga, Carla, matusi yako ni mzigo wa ziada. Unachohitaji ni majibu. Carla ana matusi yake mwenyewe ambayo hakuna haramia wa barabarani anayeyatumia, ila majibu yanayomnyamazisha ni yaleyale uliyoyapata njiani. Ukija na majibu machache utakwama hata kama umekariri matusi yote 16.

Jinsi pambano linavyokwenda: mmoja anatukana, mwingine anajibu. Anayeshinda jibizano husonga mbele, na ndiye anayetukana raundi inayofuata. Tusi usilolijua ukitukanwa nalo, linaingia kwenye orodha yako. Jibu usilolijua unalipata kwa njia moja tu: umtukane mtu anayelijua, akujibu. Kwa hiyo kupata majibu lazima ukubali kushindwa kwa makusudi. Ukikutana na haramia kwenye ramani ya kisiwa, tafuta nafasi ya kutukana, na uchague tusi ambalo jibu lake huna. Akijibu kwa ufasaha, umepoteza raundi lakini umepata mali. Akibabaika, tusi hilo liweke akiba umjaribie haramia mwingine.

Makosa ninayoona yakirudiwa ni mtu kupata matusi matatu manne yanayoshinda kila mara, kisha kuyatumia hayohayo tangu mwanzo mpaka mwisho. Unashinda mapambano kumi, unatoka na majibu yaleyale manne. Na yale majibu ya kitoto yanayokuwa kwenye orodha tangu mwanzo, lile la "mimi mpira wewe gundi" na lile la kutetemeka, hayashindi kamwe. Ni ya kuchagua pale tu huna jibu.

Sasa kwa Carla usitafute kumbukumbu ya tusi, sikiliza picha iliyo ndani ya tusi lake. Haramia wa njiani anakwambia unapigana kama mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, nawe unamjibu kuwa inafaa, kwa sababu yeye anapigana kama ng'ombe. Carla hamtaji mfugaji. Anasema atakukamua kila tone la damu mwilini. Neno kukamua ndilo linalokupeleka kwa ng'ombe, jibu lilelile.

Akisema ulimi wake ni mkali kuliko upanga wowote, kumbuka jibu la kuacha kwanza kuupunga kama ufagio wa manyoya. Njiani lilijibu tusi la kukuchoma kama mshikaki.

Akijigamba kuwa jina lake linaogopwa kila kona chafu ya kisiwa, shika neno "chafu": jibu ni kwamba kumbe ile kazi ya ufagizi aliipata. Njiani lilikuwa la yule anayetaka kupangusa damu yako kwa kitambaa chake.

Akisema amewahi kukutana na mwoga kama wewe mara moja tu, mwambie lazima huyo ndiye aliyemfundisha yote anayoyajua. Njiani ni la yule aliyekuwa na mbwa mwenye akili kukuzidi.

Na akisema watu kama wewe amezoea kuwaona wamezimia sakafuni baa, muulize kama huzimia hata kabla ya kunusa pumzi yake.

Yaliyobaki nakuachia uyatafute, kwa sababu kulisikia jibu likiingia kwenye tusi jipya ndiyo furaha yenyewe. Hakuna haja ya kubahatisha ulipofikia: ukishashinda vya kutosha, maharamia wenyewe wataanza kukwambia kuwa unaweza kumkabili Bingwa. Hata baada ya hapo, hakikisha majibu yako yanakaribia yote 16.

---

nahodha_wa_ngalawa

Shukrani kubwa. Nimesafisha vichwa, diski ya 3 imesoma, na nimeinakili kwenye DD papohapo. Nimehesabu majibu: ninayo 7 tu, kwa hiyo kisu_cha_maneno umelenga penyewe. Swali la nyongeza: hela. Nimebakiwa na vipande vichache, naogopa nisije nikakwama nisiweze kununua kitu cha lazima. Na kuna ujumbe mwingine wa uongo nijihadhari nao?

---

mkamia_kisiki

Hela zinatosha. Ndugu wa Fettucini kwenye hema la sarakasi wanakulipa vipande 478 kwa kurushwa na mzinga, ukiwa na sufuria ya jikoni ya baa kama kofia. Matumizi ya lazima ya sehemu ya kwanza: upanga 100, mafunzo ya Kapteni Smirk 30, ramani ya hazina 100, sepetu 75, peremende ya mnanaa ya kumpa mfungwa 1. Jumla 306, unabaki na 172. Meli ya Stan, muuza meli, hununui kwa fedha taslimu, unatumia hati ya mkopo iliyo kwenye kasha la mwenye duka. Mwambie una kazi, utazame anavyovuta na kusukuma mkono wa kasha, uandike mpangilio pembeni. Kisha muulize habari za Bingwa wa Upanga. Atatoka kwenda kumwona, na kasha litabaki peke yake. Hati inafika 5000, na Stan anashuka hadi hapo ukikataa vikorombwezo vyote anavyokubandikia.

Jumbe za uongo, ipo moja ya kukushtua, ukifika kisiwa cha Monkey chenyewe. Ukingo wa genge unamomonyoka, Guybrush anaanguka, kisanduku kinatokea kikisema umeharibu na utaanza upya, kina vitufe vya kurejesha, kuanza upya na kuacha. Usiguse kitu. Mkono wako uondoe kabisa kwenye kipanya. Baada ya sekunde chache atarushwa juu hadi pale alipokuwa, na maelezo yake ni maneno mawili: mti wa mpira. Ni dongo kwa michezo ya kampuni nyingine ya wakati ule iliyokuwa ikimuua mchezaji kila kona.

---

fundi_DF0

Hapo mkamia_kisiki ameacha moja, na hiyo si ya uongo. Baada ya wizi wa sanamu kwenye jumba la gavana utatupwa baharini umefungwa kwenye sanamu hiyo. Guybrush ana sifa ya kuzuia pumzi dakika 10, na mchezo unahesabu dakika 10 za saa ya kweli. Pembeni yako pamejaa visu na mapanga usiyoyafikia, ukiyahangaikia unapoteza muda. Chagua Pick up, bofya sanamu yenyewe, kisha panda ngazi.

Ukizidisha dakika 10 anakufa kweli, na ni mahali pekee kwenye mchezo mzima. Utajua kwa kuangalia chini ya skrini: amri 12 za kawaida zinaondoka, na badala yake zinakuja za kuelea, kuvimba na kuoza, pamoja na moja ya kuagiza kitabu cha vidokezo. Kwa hiyo kabla hujaingia ndani ya jumba la gavana, bonyeza F5 na uhifadhi. Diski ya kuhifadhia iwe tupu, umeifomati mapema: kwenye Workbench 1.3 (skrini ya ikoni ya Amiga) chagua ikoni yake, kisha Initialize kwenye menyu ya Disk. Iandike jina kwa kalamu isiyofutika, ukiichanganya na nakala za mchezo utaifomati isiyo yenyewe.

---

nahodha_wa_ngalawa

Nimefomati, nimeandika jina, tundu nimeliziba. Nakwenda kutafuta majibu tisa yaliyobaki.